Ufunguo Uliokosa Kufuli

Nisikilize, wewe uliyechaguliwa kusoma hisabati chuoni, hasa kama umeshaanza kuogopa. Weka simu chini kidogo. Nimefundisha hisabati chuo kikuu mpaka kichwa kikawa cheupe, na sijui sehemu gani ni mvi na sehemu gani ni chaki. Sasa nimestaafu. Nakaa Kariakoo, nyumba ileile niliyozaliwa, na kila asubuhi nagombana na wenye mikokoteni wanaoegesha mlangoni kwangu. Kwa hiyo muda ninao. Nataka nikusimulie siku tatu, Jumanne mpaka Alhamisi, ambazo mwanafunzi wangu mmoja alikuwa karibu kupoteza kila alichokihangaikia, na mkono uliomsukuma ulikuwa wangu.

Kwanza tuelewane kuhusu shahada yenyewe. Sizungumzii ile ya heshima wanayovishwa wakubwa kwa joho na ngoma. Hii ni ya jasho: hisabati tupu, na mwaka wa mwisho unaandika tasnifu, kijitabu cha kurasa hamsini hivi, halafu unasimama mbele ya jopo la watahini kukitetea. Sekondari ulikuwa unatafuta jibu. Ukilipata unalipigia mistari miwili chini, unafunga daftari, unakwenda kula. Huku jibu unapewa. Unaambiwa jambo hili ni kweli, haya, onyesha kwa nini. Mtihani wa kwanza niliowatungia mwaka wa kwanza ulikuwa na maswali manne na haukuwa na namba yoyote isipokuwa namba za maswali yenyewe. Kijana mmoja, aliyekuwa wa kwanza mkoani kwao, aliinua mkono akaniuliza, "Madam, ukurasa wenye hesabu haujachapwa?"

Usicheke sana. Na wewe utauliza.

Jumanne hiyo, saa nane mchana, Somoe alinipigia simu. Somoe alikuwa mwaka wa mwisho, mtoto wa Newala aliyekuja Dar es Salaam kusoma kidato cha tano na hakurudi tena isipokuwa likizo. Alikaa Buguruni kwa mjomba wake, na siku zisizo na vipindi alimsaidia dukani, Kariakoo. Tasnifu yake niliisimamia mimi. Alitakiwa kuitetea Alhamisi saa nne asubuhi. Idara ilikuwa na nafasi moja tu ya mkufunzi msaidizi, na atakayeipata ni mwenye wastani wa juu kuliko wote. Tulishapiga hesabu: Somoe akipata A kwenye tasnifu, nafasi ni yake. Akipata chini ya hapo, inakwenda kwa mwenzake. Na mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, nikitamani sana binti huyu ndiye akae kwenye meza yangu. Nakwambia hili mapema ili usije ukashangaa nilichofanya baadaye.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Si nilikwambia leo usiguse tasnifu?"

"Sijaigusa. Madam, uko nyumbani?"

"Nipo. Kuna nini?"

"Naomba uje dukani kwa mjomba. Nikikueleza kwenye simu utabisha."

Sauti yake haikuwa ya mtu mwenye wasiwasi wa kawaida wa kabla ya mtihani. Huo naujua, unakuja na maneno mengi. Yeye alisema machache. Nikavaa viatu. Kutoka kwangu mpaka mtaa wa Narung'ombe, liliko duka, ni dakika kumi kama hakuna kontena linaloshushwa, na siku ile yalikuwa mawili, nikapita ubavuni mwa ukuta nimekumbatia mkoba kama mgeni.

Mjomba Hashimu anauza makufuli, bawaba na vitasa vya milango. Duka lake ni jembamba kiasi kwamba wateja wawili wakiingia, mmoja lazima anunue ili mwingine apite. Siku ile mzigo ulikuja na katoni iliyopasuka: makufuli upande mmoja, funguo zimechanganyika ndani ya kiroba. Somoe alikuwa amekaa kwenye kigoda, makufuli yamepangwa mstari mrefu sakafuni, ufunguo mkononi.

"Karibu Mwalimu!" mjomba alisema. "Mchukue mwanao huyo. Asubuhi alikuwa anajaribu funguo vizuri tu, mara kasimama anatazama ukuta kama kaona jini. Wateja wawili wamenikimbia."

"Mjomba, wale walikuwa wanauliza choo."

"Hata wa choo ni wateja. Kesho wangenunua."

Somoe hakucheka. Alinisogezea katoni nikae. "Madam," alisema, "tamko la nne."

Hebu nikueleze tamko la nne, yaani dai la nne analolithibitisha kwenye tasnifu yake, maana si gumu. Una funguo na makufuli. Ufunguo mmoja unaweza kufungua makufuli zaidi ya moja. Ya bei rahisi ndivyo yalivyo. Unataka kila ufunguo upate kufuli lake peke yake, ambalo unalifungua. Itawezekana lini? Ni lazima funguo zozote tatu ziwe zinafungua, kwa jumla, makufuli matatu au zaidi. Zozote kumi, makufuli kumi au zaidi. Kama funguo tatu zinafungua makufuli mawili tu, mmoja utabaki mikono mitupu, hilo halihitaji chuo. Cha kupendeza ni kwamba sharti hilo linatosha. Likitimia kwa kila kundi, basi kuna namna ya kuzipanga zote. Hilo watu wamelithibitisha zamani.

Somoe aliuliza swali lake mwenyewe: je, kama funguo hazina mwisho, na makufuli hayana mwisho? Ukurasa wa thelathini na moja, mwishoni mwa sura ya tatu, akaandika kwamba sharti ni lilelile. Kundi lolote lenye kikomo linapangika, kwa hiyo zote zinapangika. Hilo ndilo tamko la nne. Sura ya nne yote, ile iliyokuwa na matokeo yake mapya, ilisimama juu yake.

"Tuseme huu mstari hauishi," alisema, akionyesha sakafu. "Unatoka nje, unafika kivukoni Magogoni, unavuka maji hadi Kigamboni, unaendelea tu. Ufunguo wa kwanza unafungua kufuli la kwanza, basi. Wa pili, la pili tu. Wa tatu, la tatu."

"Sawa. Kila mmoja na lake. Zimepangika."

"Sasa ongeza huu." Akainua ufunguo mmoja mfupi, uliolika meno. "Huu ni masta. Unafungua yote."

Nikaangalia sharti. Chukua funguo kumi bila masta: zinafungua makufuli kumi. Chukua kumi pamoja na masta: zinafungua makufuli yasiyo na idadi. Sharti limetimia, kundi lolote ulitakalo.

"Haya Madam," Somoe akasema taratibu, "masta apewe lipi?"

Nikayapitia moja moja. Ukimpa la kwanza, ufunguo wa kwanza hauna pengine pa kwenda. Ukimpa la mia, ufunguo wa mia unabaki nje. Kila kufuli lina mwenyewe. Nikatafuta nafasi mwishoni mwa mstari, na mstari hauna mwisho.

Mjomba Hashimu alikuwa anasikiliza huku anajifanya anafuta vumbi. "Ngoja. Masta si ndiye anafungua yote? Anakosaje?"

"Ndiyo hivyo, mjomba. Anafungua yote na hana lake."

"Basi huyo ni dalali," mjomba akasema.

Siku nyingine ningecheka mpaka nikohoe. Siku ile sikuweza. Tamko la nne lilikuwa si kweli, na nakala za tasnifu zilikuwa mikononi mwa watahini tangu wiki iliyopita.

Halafu Somoe akatoa kwenye begi rasimu yake ya kwanza, ile niliyoirudisha na masahihisho. Ukurasa ule ulikuwa na aya ndefu, mistari kama kumi na miwili, akijaribu kueleza jinsi unavyoruka kutoka kwenye kundi lenye kikomo hadi kwenye funguo zote. Ilikuwa aya ya mtu anayepapasa gizani. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wangu: *Dhahiri. Fupisha.*

Akafupisha. Kwa nini asifupishe? Mwalimu kasema.

Nakumbuka niliandika maneno hayo wapi. Nilikuwa kwenye foleni ya kivuko, nakwenda msibani Kigamboni, rasimu iko gotini, watu wananisukuma. Nilisoma nusu mstari, nikaona jambo linalofanana na mambo niliyozoea, mkono ukaandika wenyewe. Nisikilize vizuri hapa, maana kwenye kazi yetu hili ndilo kosa la watu wazoefu. Mgeni anakosea kwa kutojua. Mzoefu anakosea mahali anapoona hahitaji tena kutazama.

Na sikuwa nimelelewa hivyo. Mwalimu wangu mwenyewe, Mwalimu Sefu, Mungu amrehemu, alikuwa na utaratibu wake. Ulipotaka kuwasilisha uthibitisho kwake, alikuwa anakunyang'anya chaki na kukugeuza uupe ubao mgongo. Unatuthibitishia kwa mdomo, unatutazama usoni. Hakuna kuandika alama nzuri nzuri za kujifichia. Wenzako ndio wanaokwenda ubaoni, wanaandika kile tu ulichosema. Mara ya kwanza nilipofanyiwa, nilikuwa na uthibitisho niliouona safi kama sahani iliyooshwa. Baada ya dakika tano niligeuka kutazama walichoandika. Ubaoni kulikuwa na mistari mitatu, na katikati mtu kachora korongo na daraja lisilofika ng'ambo. Mwalimu Sefu akaniuliza, "Binti, hapo tunapita kwa miguu au tunaruka?" Nilichukia wiki nzima. Baadaye nikaufuata utaratibu huo kwa wanafunzi wangu wote, mpaka wanafunzi walipozidi, vipindi vikajaa, ukuta ukawekwa projekta, na mimi nikaanza kusimamia tasnifu kwenye foleni.

Turudi dukani, maana nilichofanya pale nataka ukijue.

Nilimuuliza Somoe, "Nani mwingine ameona?"

"Mimi nimeona."

"Najua. Mwingine."

"Hakuna."

 Nikasema kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye busara, "Nimeisoma mara tatu sikuona. Watahini wana tasnifu nyingine kumi na moja. Alhamisi una dakika ishirini. Tumia mbili kwenye sura ya tatu, kumi na nane kwenye sura ya nne. Ukurasa huo upite haraka. Ukishapata nafasi, tutarekebisha wenyewe."

Ndiyo, mimi nilisema hivyo. Mwalimu wa hisabati.

 Somoe alikuwa anauzungusha ule ufunguo kwenye vidole. "Madam," alisema, "nikipata hiyo nafasi, mwakani nitaingia darasani. Mwanafunzi akiniandikia tamko la nne, nimpe alama au nimnyime?"

 Mjomba aliacha vumbi lake. "Mwalimu, mimi hesabu zenu sizijui," alisema. "Lakini mteja akinirudishia kufuli lisilofunga, halafu nimwambie mbona hukuliona wakati unanunua, hiyo itakuwa biashara kweli?"

"Mjomba, usimfokee Madam."

"Simfokei. Namuuliza, yeye ndiye msomi."

Nikamwambia Somoe anisamehe. Nilisema mbele ya mjomba wake, mbele ya mteja aliyekuwa anasubiri bawaba na kututazama kama tunagombania urithi. Kisha nikamwambia kesho asubuhi tukutane hapohapo, tufanye kazi.

Jumatano mjomba alitupa stoo yake ya ghorofani. Kulikuwa na joto la kuokea mkate, na karatasi zetu zilikuwa ndogo, kwa hiyo tuliandika kwa kalamu nene kwenye katoni tupu na kuziegemeza ukutani. Somoe alifika na mawazo tayari, akaanza kuziba ufa hapohapo: labda tuongeze hiki, labda tubadilishe kile. Nikamzuia. Hapa ndipo uzoefu wangu ulifaa kidogo. Kabla hujaziba, hesabu ni nini kinaegemea hapo. Tukapitia sura ya nne mstari kwa mstari, na kila alipotumia tamko la nne tuliandika namba ya ukurasa kwenye katoni moja. Mara saba. Ilituchukua hadi adhana ya adhuhuri, na ilikuwa kazi ya kuchosha isiyo na utukufu wowote, lakini ilipokwisha hofu ilikuwa na umbo. Asubuhi tulikuwa tunaogopa tasnifu nzima. Sasa tulikuwa tunaogopa kurasa saba.

Katika mapumziko Somoe alinionyesha simu yake. Jana jioni wenzake walimshauri aiulize ile programu inayojibu kila kitu. Aliiuliza ithibitishe tamko la nne. Ikathibitisha, kwa Kiingereza kizuri, na palepale penye shimo ikaandika kwamba ni wazi. Nilijisikia nafuu kuona hata mashine imekosea kama mimi. Halafu nikaona aibu kwa kujisikia nafuu. Nyinyi mnazo hizo programu na sisemi msizitumie. Nasema tu, ikikuambia ni wazi, igeuze iupe ubao mgongo.

Ukarabati aliupata Somoe, si mimi. Alikuwa anatazama ule mstari wa makufuli aliouchora kwenye katoni, akasema, "Anayeharibu ni masta. Kwa sababu orodha yake haiishi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tumzuie mlangoni. Kila ufunguo uwe na orodha yenye kikomo. Makufuli mawili, mia, elfu, sawa, lakini yahesabike yakaisha."

"Kwa nini hiyo itoshe?"

Nilimuuliza kwa nini mara nyingi sana mchana ule, mpaka akaanza kunijibu kabla sijauliza. Na hoja yake ilikuja kipande kwa kipande. Panga ufunguo wa kwanza peke yake. Kisha panga funguo mbili za kwanza, kisha tatu za kwanza, usikome. Kila mpangilio upo, kwa sababu ni kundi lenye kikomo. Sasa una mipangilio isiyo na mwisho. Utazame ufunguo wa kwanza: una makufuli machache tu ya kuchagua, lakini mipangilio haiishi, kwa hiyo kuna kufuli moja ambalo unapewa tena na tena bila kikomo. Upe hilo. Tupa mipangilio inayosema vinginevyo. Iliyobaki bado haiishi. Nenda kwa ufunguo wa pili, fanya vilevile. Kisha wa tatu. Funguo mbili haziwezi kugongana kwenye kufuli moja, kwa sababu zote mbili zimetoka kwenye mpangilio mmoja ambao haukuwa na mgongano.

Nikamgeuza. Akaupa ukuta mgongo, akaisema yote kwa mdomo, mimi naandika kile tu nilichokisikia. Mara ya kwanza aliruka. Mara ya pili akaruka mahali pengine. Mara ya tatu nilimaliza kuandika, nikasoma, nikatafuta korongo, sikuliona.

Tukarudi kwenye kurasa saba. Ya kwanza, orodha ina kikomo, salama. Ya pili, salama. Ya tatu alikuna kichwa, salama. Ya nne mpaka ya sita, salama. Adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita tulipofika ya saba.

Ya saba ilikuwa ndani ya sehemu ya mwisho ya sura ya nne, nzuri kuliko zote. Ndiyo niliyomsimulia mkuu wa idara kwa majivuno. Somoe aliisoma kimya, kidole kwenye mstari. Kisha akasema, "Hapa kuna masta."

"Una uhakika?"

"Huyu hapa. Orodha yake haina kikomo. Nilimwita jina jingine tu."

Tulijaribu saa nzima kumtoa. Hakutoka. Somoe akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya sehemu nzima, kurasa nne, miezi mitatu ya kazi. Hakulia. Aliomba maji, akanywa, akauliza sahihisho tulichape kwa ukurasa mmoja au miwili.

Alhamisi, chumba cha semina. Jopo lilikuwa na watu watatu: mkuu wa idara, mwenzetu mmoja wa idarani, na mtahini wa nje, mzee mwembamba aliyesafiri kutoka chuo cha mkoani, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Mimi nilikaa nyuma. Msimamizi haruhusiwi kusema.

Somoe alisalimia, akagawa karatasi yake moja. "Kabla sijaanza," alisema, "naomba mfungue ukurasa wa thelathini na moja. Tamko la nne si kweli."

Nilisikia kurasa zikifunuliwa. Mkuu wa idara alimtazama Somoe, kisha akanitazama mimi, muda mrefu.

"Inayotetewa ni tasnifu iliyowasilishwa," alisema. "Huwezi kutuletea nyingine asubuhi ya leo. Kama haiko tayari, tunaiahirisha mpaka mwakani."

Mwakani. Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilishika kiti cha mbele yangu.

Mtahini wa nje alivaa miwani. "Mwacheni kwanza aseme kwa nini si kweli," alisema. "Huko ndiko kuitetea kwenyewe."

Somoe akauacha ubao. Akawageukia, akawaeleza funguo, makufuli, na masta. Sauti yake ilitetemeka mpaka alipofika kwenye swali la masta apewe lipi, kisha ikaacha kutetemeka. Akasema sharti jipya. Akathibitisha.

"Ukiondoa sharti hilo kwa ufunguo mmoja tu?" mzee aliuliza. "Mmoja, nyingine zote zibaki na orodha zenye kikomo."

"Masta ni mmoja tu, Profesa, na ametosha."

"Na sehemu ya mwisho ya sura ya nne?"

"Imeanguka."

"Kwa hiyo ni uongo?"

"Sijui kama ni uongo. Najua sijaithibitisha."

Mzee aliandika kitu. Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa wa thelathini na moja. "Hapa hoja inakatika kama nguo iliyochanwa. Palikuwa na aya?"

Somoe akatazama chini. "Ilikuwepo. Niliiondoa."

"Kwa nini?"

 Angeweza kunitaja kwa neno moja. Hakunitaja. Nikasimama.

"Mimi nilimwambia aiondoe. Niliandika ni dhahiri."

"Madam," mkuu wa idara alisema, "msimamizi hasemi."

"Najua. Andikeni kwamba nimesema."

Walitutoa nje. Tulikaa kwenye benchi la korido dakika arobaini. Mjomba alipiga simu mara tatu. Mara ya tatu Somoe alimwambia, "Mjomba, wakimaliza nitakupigia mimi," na nikamsikia mjomba akijibu kwa sauti iliyojaa korido nzima, "Sawa, lakini hapa nimeuza vitasa viwili kwa bei ya kimoja kwa sababu yako!"

Walipotuita ndani, mkuu wa idara alisoma bila kuinua uso. Amefaulu. Afanye masahihisho ndani ya wiki mbili. Alama, B+.

Sitakudanganya kwamba ukweli ulimlipa siku ile. Nafasi ilikwenda kwa mwenzake, kijana mzuri pia, na alistahili. Jina langu liliondolewa kwenye orodha ya wasimamizi mwaka uliofuata, na hiyo ilikuwa haki. Wakati watu wanatawanyika, mtahini wa nje alinisogelea akaniambia, "Mimi sikuliona lile kosa. Nilikuja na A mfukoni."  Kisha akaniomba namba ya simu ya Somoe.

Somoe alikaa mwaka mmoja akiuza makufuli na kufundisha tuisheni Buguruni. Sasa yuko kwa yule mzee anasoma shahada ya pili, anaitafuta ile sehemu ya mwisho ya sura ya nne. Juzi alinipigia kwamba bado haijakubali. Alikuwa na furaha tele.

Nawe utakosea. Siku utakayolikuta kosa kwenye kazi yako, usilifute. Lizungushie duara. Chukua karatasi safi uandike namba ya kila ukurasa unaolitegemea, wote, hata ule unaoupenda. Kisha mpigie msimamizi wako siku hiyohiyo, kabla hujala.